Kucha Kumi za Mshenga

Nimejifunza mwenyewe kuunga modeli za plastiki, na kazi nusunusu siitaki. Kichwa cha treni nilichokuwa nakimalizia kilihitaji wekundu halisi, na hapa Njombe sijaona duka la rangi za modeli. Nikanunua rangi za kucha, chupa kumi za wekundu tofauti. Plastiki ya kujaribia sikuwa nayo, hivyo jioni nilipaka kila ukucha rangi yake, nizilinganishe kwenye mwanga wa asubuhi.

Asubuhi kulikuwa na baridi kali. Nilivaa glovu kabla hata ya chai, nikazisahau kucha, nikapanda gari la Makambako kwenda kumposea mtoto wa kaka yangu. Mshenga nilikuwa mimi.

Ukweni nilimsifu kijana bila kuvua glovu: mtulivu, mcha Mungu, ametoka ukoo wenye heshima. Kisha chakula kikaja. Shangazi wa binti akashika jagi la maji.

"Vua, baba, tukunawishe."

Nikavua. Maji yakaanza kumiminika, kisha yakakoma.

"Mshenga," akasema taratibu, "kwenye huo ukoo, wanaume wote mnapaka?"

Niliamua kusema ukweli wote. Nikanyoosha vidole, nikaeleza habari ya modeli na ya mwanga wa asubuhi. Hakuna aliyecheka. Baba wa binti, dereva wa treni mstaafu, akavaa miwani, akazikagua kucha moja baada ya nyingine hadi ya kumi.

"Nimeendesha vichwa hivyo ujana wangu wote," akasema. "Rangi yake hapa haipo."