Kilomita mia tano zinazomsumbua Tsuma

Saa mbili asubuhi, katika uwanja wa malori karibu na Kipevu, Mombasa, Lenox Tsuma anazunguka trela lake akiwa na nondo mkononi. Anagonga tairi moja, anasikiliza, anakwenda kwa jingine. Lililojaa upepo hulia, lililolegea hunyamaza. Yote ishirini na mawili yanalia.

"Hapa sina shaka," asema. "Shaka yangu iko kwenye hii karatasi."

Karatasi ni tikiti ya ndege ya Ijumaa, Mombasa hadi Kigali kupitia Nairobi. Ametumiwa na bintiye Kafedha, muuguzi huko Kigali, anayeolewa Jumamosi hii.

Tsuma ana miaka 54, na kwa miaka kumi na tisa amepeleka makontena Kigali. Nyumba yake iko Changamwe, ubavuni mwa uwanja wa ndege, na ndege zikipita chai hutikisika kikombeni. Kupanda hajapanda hata moja.

"Kwa barabara ni kilomita elfu moja na mia sita na kitu. Nazijua kwa makalio yangu," asema. "Kafedha aniambia angani ni kama elfu moja na mia moja. Sasa mia tano zimekwenda wapi?"

Mwandishi anamweleza kwamba barabara hupinda, ndege hunyoosha.

"Kama hunyoosha, mbona yapitia Nairobi?"

Mwandishi anaangalia tairi.

Saa nazo ni fumbo. Tikiti yasema ndege inaondoka Nairobi saa nne asubuhi na kutua Kigali saa nne na nusu. Mkewe, Nyamvula, alidhani wamekosea kuchapa. Hapo Tsuma alikuwa mwalimu: saa za Kigali ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo safari ni saa moja na nusu.

"Lakini lori ni siku nne, mpakani kukiwa shwari. Kusipokuwa shwari, wiki. Siku nne zitaingiaje kwenye saa moja na nusu? Kitu kama hicho utakiaminije na harusi ya mtoto?"

Kwa kutokiamini, Jumapili alifanya lililo rahisi kwa dereva: alikubali mzigo wa Kigali wa kuondoka leo, Jumatatu, akapanga kufika Ijumaa. Tikiti angeirudisha.

Nyamvula aliposikia, hakupaza sauti.

"Baba Kafedha, siku ya mahafali yake ulikuwa wapi?"

"Malaba, kwenye foleni ya mpakani."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Basi lori limeshakula mahafali. Harusi haliipati."

Ndiyo maana asubuhi hii anamkagulia tairi mtu mwingine. Dereva mwenzake, Kamau, anapokea ufunguo huku akicheka.

"Mzee, Ijumaa ukipita huko juu nipungie mkono. Nitakuwa bado kwa foleni."

"Nitakutambuaje?"

"Mimi ndiye nitakuwa nimelala."

Tsuma hacheki sana. Ameomba kiti cha dirishani ili aitafute barabara yake kule chini, aone ni wapi inapopotezea zile mia tano. Baada ya kutua atabaki na siku nzima kabla ya harusi, na hilo ndilo linalomchanganya kuliko yote.

"Sijawahi kufika mahali mapema," asema. "Mtu akifika mapema hufanya nini?"

Nyamvula, aliyemletea chai na sasa anaondoka, anamjibu bila kugeuka.

"Huketi na mwanawe."