Zulia la Heshima

Nilipoajiriwa Doha niliambiwa nitahudumia wageni wa hadhi. Hakuna aliyenitajia kwamba kila jioni nitasikiliza Waingereza wawili wazee wakilalamika. Ilikuwa miaka ile ambapo pombe ilishapigwa marufuku kwenye mikahawa ya The Pearl, kile kisiwa cha matajiri, na mkahawa wetu, uliojengwa kwa ajili ya hiyo pombe, ukabaki na kaunta ndefu isiyo na kazi na jukwaa la mbao. Meneja akawaza: basi tuwape watu muziki. Akaleta wazee wawili, mmoja mrefu wa gitaa, mmoja mfupi mwenye masharubu, mwimbaji, aliyepiga kinanda cha mdomo. Walikuwa wakipiga pamoja tangu kabla mama yangu hajaolewa.

Walipiga blues na nyimbo za mashambani kwao. Blues, kwa asiyejua, ni hivi: mtu ameamka asubuhi, mke ameondoka, mvua inanyesha, nauli hana, na wiski imeisha. Mfupi aliyaimba hayo kwa sauti ya kukwaruza mbele ya familia zinazokunywa maji ya limau na mnanaa. Zile za mashambani nazo, msichana lazima azame mtoni ubeti wa mwisho, apende asipende. Sasa mimi nimetoka Voi, mtoto nimemwachia mama, nalala chumba kimoja na wanawake watano kule Al Mansoura, halafu nabeba trei huku naelezwa kwamba dunia ni ngumu na mtu mwenye chumba chake hotelini! Mganda aliyelinda mlangoni aliniuliza siku moja, "Dada, kwani hawa wazee wamekosewa na nani?" Nikamwambia simjui, lakini huyo aliyewakosea ajue ana kesi.

Ila haki ya Mungu, walikuwa wazuri. Mfupi alikanyaga sakafu kwa buti lake zito, du, du, du, mpaka glasi zikalia kwenye kaunta, na mrefu akaingia na gitaa humo humo katikati ya mapigo, asikosee hata punje. Mrefu alikuwa na desturi yake moja. Kabla ya kuanza alivua viatu, akavisukuma pembeni, akapiga akiwa na soksi. Sisi tuliona ni mbwembwe za wasanii, tukamwacha.

Siku moja, kabla hawajaanza, trei ikaniponyoka nyuma yake. Wueh! Zilikuwa glasi tupu, na zote zikaenda chini. Watu wakaruka, mtoto akaangua kilio, meneja akatoka ofisini mbio. Yule mrefu, aliyekuwa meza ya pili kutoka nilipo, aliendelea kukoroga chai yake. Mimi nami kitu kikinikereketa sikiachi. Nilipomaliza kuzoa vipande na kukaripiwa, nikaenda kusimama mbele yake, nikachezesha midomo tu bila kutoa sauti: "Mzee, wewe unasikia kweli?"

"Nasikia vizuri kabisa, binti," akajibu.

Nikamtazama. Nikaelekeza kidole kwenye koo langu, nikatikisa kichwa: sauti sijatoa. Akawa mwekundu mpaka shingoni, akajua amejiuza mwenyewe.

Akaninong'oneza siri yake, na mnong'ono wa kiziwi ulisikika mpaka jikoni. Bahati mwenzake alikuwa nje anavuta sigara. Masikio yalikuwa yamekufa kidogo kidogo, miaka kadhaa sasa, na kilichobaki kilikuwa mvumo tu. Maneno aliyasoma midomoni. Mapigo aliyapata kwa nyayo: buti la mfupi lilitikisa mbao, mbao zikatikisa soksi, na vidole vya mkono vikafuata.

"Na mwenzako anajua?" nikamuuliza, safari hii kwa sauti, ya nini sijui.

"Hapana, na asijue! Akijua ataacha. Atasema ni yeye ndiye amechoka, twende tukapumzike, ili mimi nisione haya. Namjua. Na yule hana mke, hana mtoto, ana kuimba tu. Akiacha atakaa dirishani mpaka afe." Akanishika mkono. "Niahidi, binti."

Nikaahidi. Ungemkataliaje mzee ambaye kidole gumba kimetokeza kwenye soksi?

Tangu hapo nikawa askari wake. Meneja akimwita kwa nyuma, mimi nampitia na kumgusa bega. Mgeni akiagiza wimbo kutoka mezani, naupeleka mwenyewe, nasimama mbele ya uso wake na kuutamka kama mwalimu wa chekechea. Ikawa kazi ya pili isiyo na mshahara, na hizo nilishazizoea. Kila mfupi alipogeuka kumsemesha, roho yangu ilikuwa juu juu.

Balaa ililetwa na heshima. Kulikuwa na mzee mmoja mwenyeji, Mkatari mstaafu, aliyekuja kila wiki na wajukuu zake, akakaa meza ya mbele na kunywa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki. Blues hakuipenda hata kidogo. Alisema ni kelele za mtu anayeumwa jino. Lakini zile soksi! Soksi zilimfurahisha mno. "Huyu mtu," alimwambia meneja, "huyu amelelewa. Anavua viatu kama anaingia majlisi ya watu. Yaani Mwingereza, lakini ana adabu." Na mtu mwenye adabu haachwi akanyage mbao tupu. Wiki iliyofuata dereva wake akaingia na zulia begani, zulia jekundu, zito, nene kiasi cha kumeza kidole. Lilitoka nyumbani kwake mwenyewe na lilikuwa zawadi.

Nikamvuta meneja kando. "Bosi, hilo zulia lisiwekwe jukwaani."

"Kwa nini?"

"Vumbi."

"Mashine ya kufyonza tunayo."

"Litateleza, wazee wataanguka."

"Hilo? Limebebwa na mtu akihema!"

"Rangi yake haifai."

"Ohoo! Nirudishe zawadi ya mzee yule, mbele ya wajukuu wake, kwa sababu dada wa trei hapendi nyekundu? Khalas, nenda kazini."

Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Nilitaka kulitema nikashindwa, ahadi ni ahadi, nikalimeza na likanichoma mpaka chini. Nilimchukia meneja, nikalichukia zulia, na huyo mzee mkarimu nikamchukia pia, Mungu anisamehe.

Mrefu alipoliona alisimama tuli. Mzee mwenyeji akanyanyuka, akamkaribisha kwa mikono miwili: tafadhali, tafadhali. Ungekataaje? Akavua viatu, akapanda, akaketi kitini kando ya mwenzake, nyayo zikazama. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Pale walikuwapo wazee watatu.

Mfupi akakanyaga, na buti likatua bila sauti. Mrefu akaanza kwa sababu lazima uanze. Akamkodolea macho mwenzake, lakini mdomo ulifunikwa na kinanda na viganja vyote viwili, hapakuwa na cha kusoma. Akakimbia mbele ya mapigo. Akagundua amekimbia, akapunguza, akapitiliza. Gitaa likaelekea Muaither, magharibi ya mji, kinanda kikaelekea uwanja wa ndege, mashariki. Watu wakaanza kutazamana, mjukuu mmoja akacheka, na jasho likawa linamtoka mrefu puani. Nikajua leo ndiyo leo, mfupi atashtuka, atauliza, na kazi ya wawili hawa imeishia hapa.

Mfupi hakuuliza kitu, wala hakuacha kupuliza. Aliburuta kiti kwa makalio, akasogea, akasogea tena, mpaka goti lake likagusa goti la mwenzake. Akainua buti, akaliweka taratibu juu ya soksi ya mrefu, akaanza kukanyaga. Du, du, du, juu ya vidole vya mtu. Mrefu alishtuka, akafumba macho, na gitaa likarudi nyumbani. Wakaumaliza wimbo hivyo, mguu juu ya mguu, na mzee mwenyeji akapiga makofi kwa nguvu na kumwambia meneja kwamba watu hawa hata kukanyagana wanakanyagana kwa adabu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nami nilikuwa nimejifanya kata, nikakosa usingizi kwa ajili ya siri ya watu, kumbe aliyeijua kuliko mimi alikuwa ameikalia pale pale jukwaani. Nilijiona mjinga, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu nishuke kwenye ndege.

Mrefu akalaza gitaa magotini. Akamuuliza mwenzake kwa ule mnong'ono wake wa kufika jikoni, "Tangu lini?"

Mfupi akaondoa kinanda, akayasukuma masharubu juu kwa kidole ili midomo ionekane, akatamka neno moja moja.

"Tangu ulipoanza kucheka utani wangu. Miaka yote ya nyuma hukuwahi kuucheka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mfupi akaitazama miguu yao pale kwenye zulia, wake bado uko juu ya wa mwenzake, akakumbuka, akainua uso ili asomeke.

"Ungeacha kucheka," akasema.

Nilisimama na trei yangu nikilia waziwazi mbele ya wageni, na meneja akadhani nimeguswa na wimbo.