Chupa ya Manjano Dirishani

Kwa miaka kumi na tisa Graciete Rosalino alitunza mwani mdogo kuliko vumbi, unaoota juani ndani ya mabomba ya vioo, nje kidogo ya mji wa Leiria, Ureno. Alijua jambo moja kwa hakika: mwani wa kijani ni mzima; ukigeuka manjano, unakufa.

Kisha akahamishiwa maabara. Huko Daktari Iria alitafuta mwani usio na ukijani, wa kutiwa kwenye mkate. Wareno hunywa supu ya kijani bila kusita, lakini mkate wa kijani huurudisha dukani. Kazi ya miaka miwili ilikuwa imezaa chupa moja tu ya manjano, ikikaa gizani kabatini na kulishwa sukari.

Ijumaa jioni Graciete aliiona, akaihurumia. Akaiweka dirishani, akaenda zake nyumbani.

Jumatatu Iria akafungua kabati. "Nani kachukua chupa yangu?"

"Mimi, Daktari. Ilikuwa imepauka, maskini. Nikaipeleka juani ipate nguvu."

Iria akajishika kichwa. "Bi Graciete! Rangi hiyo ndiyo niliyoitafuta! Kama haijaungua, basi imerudi kijani."

Adérito, fundi wa yale mabomba ya nje, akachungulia mlangoni. "Leo kuna mtu anarudi kwetu nje."

"Toka hapa, domokaya!" alisema Graciete.

Wakaenda dirishani. Chupa ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Iria akachota tone, akainamia hadubini hadi Graciete akaanza kuwaomba watakatifu.

"Mwani umekufa?"

"Unazaana," alisema Iria, akacheka hadi miwani ikamdondoka. "Siku mbili za jua, na haukurudi kijani! Mtihani huu wa jua niliuogopa tangu Krismasi. Chupa yenyewe moja, ningethubutu vipi?"

Graciete akaketi juu ya ndoo. "Basi sirudi nje?"

"Hurudi. Ila siku nyingine uniulize kwanza."

"Na wewe, binti yangu, uniambie mapema kwamba mgonjwa hana ugonjwa."

Asubuhi hiyo wakaigawa katika chupa sita, na Graciete ndiye aliyemimina. Mchana alikula sahani mbili za samaki wa chumvi na viazi, akamwomba Adérito ampe na mkate wake.