Vitabu Vilivyoshonwa

Dada mkubwa wa mama yangu ni fundi cherehani, na mtaani wamembandika jina la Taratibu. Mpelekee sare ukiingia darasa la kwanza, wanasema, utaivaa ukiwa na wajukuu. Yeye hucheka huku pini zikiwa mdomoni. "Mshono wa haraka hauna adabu," hujibu.

Naishi naye tangu nianze sekondari, na maswali yangu hayaishi. Nilimuuliza kwa nini aliacha shule darasa la pili. "Kitabu kilikuwa kimoja, watoto sita, na mimi nilikaa mwisho wa dawati. Niliona visogo vya wenzangu, mwanangu. Maandishi sikuyaona." Alijua kusoma akiwa na miaka arobaini na moja, taasisi moja ya misaada ilipoijengea shule yetu maktaba na kufungua darasa la watu wazima jioni. Siku alipoazima kitabu cha kwanza alikipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Mwaka huu mto ulifurika, maji yakaingia maktaba hadi rafu ya tatu. Sisi wa darasa la mwisho tulikuwa tumebakiza wiki saba tufanye mtihani, na vitabu vyetu, kama mia na ishirini hivi, vilikuwa vimevimba kama mikate iliyodondokea kwenye chai.

Mama mkubwa aliweka kando nguo za wateja. Tulivileta vitabu nyumbani kwa toroli, akaanza. Karatasi moja moja: anaibandua, anaifunika kitambaa, anapitisha pasi ya mkaa. Kisha anashona mgongo kwa uzi wa mikunjo miwili. Kurasa zilizooza tulizinakili kwa mkono mimi na wenzangu. Nyumba ilinuka tope, na tulikula tumesimama kwa sababu viti vyote vilikuwa na vitabu. Kwa wiki mbili na nusu sikumwona akikaa bure.

Siku alipomaliza, mwalimu mkuu akaja. Akashika kimoja, akakigeuza, akaguna.

"Fundi, kazi nzuri mno. Na hapo ndipo penye tatizo."

"Tatizo tena, mwalimu?"

"Kesho anakuja afisa wa taasisi. Fomu yake ina majibu mawili tu: kizima, au kimeharibika. Vilivyoharibika wanaleta vipya. Hivi vyako ataandika vizima."

"Si vinasomeka?"

"Vinasomeka. Lakini wazazi wamekaa, wamenituma. Fumua, mama. Migongo tu. Akishaondoka utashona tena."

Mama mkubwa akakichukua kitabu kile mkononi mwake. "Mwalimu, nimefumua nguo nyingi, kosa likiwa langu au la vipimo. Hapa kosa liko wapi?"

"Kosa ni umaskini, mama," akasema polepole. Akanitazama mimi. "Huyu naye ana mtihani." Akaaga, akaenda zake.

Sitaficha: nilitaka afumue. Nani asiyetaka kitabu kipya, chenye kurasa zote, kisichonuka mto? Akachukua kiwembe, akavuta kitabu changu cha hesabu, akakata mshono mmoja. Uzi ukalia *tp*. Kurasa zikalegea upande mmoja, na yeye akasimamisha mkono.

"Ungekuwa wewe?"

"Ningefumua, mama."

Alinitazama hadi nikaangalia chini. "Ukimwonyesha mtu kidonda ulichojichubua mwenyewe, siku ukiumwa kweli utamwita nani?" Akatunga uzi kwenye sindano, akaurudisha mshono ule mmoja.

Afisa aliyekuja kesho yake alikuwa dada mdogo tu, buti zake zimejaa tope hadi magotini. Alifungua kitabu, akavuta kurasa, akakitikisa.

"Vilizama hivi?"

"Vilizama vyote," akasema mama mkubwa.

"Nani ameshona?"

Mwalimu mkuu akaangalia dari.

"Mimi, binti yangu."

"Sasa niandike nini?"

"Andika vinasomeka."

Akaandika vizima. Mwalimu mkuu akashusha pumzi kama aliyetua mzigo mguuni pake mwenyewe. Dada yule akafunga fomu yake, akasema shule zilizoingiwa na maji ni tano, na vitabu alivyonavyo vinatosha mbili tu. Asubuhi ile alikuwa ametoka shule ya bondeni. "Wale hawana hata mkeka wa kuanikia vitabu," akasema. Hapo nilitamani nirudishe maneno yangu ya jana, lakini hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Vipya vikaenda bondeni. Kwetu haikuja hata kalamu.

Nilidhani wazazi wakisikia habari za bondeni wataelewa. Wapo walioelewa. Lakini muuza mkaa, jirani yetu, ambaye binti yake tunasoma naye, alisimama mbele ya duka la mama mkubwa akasema kwa sauti, wateja wakisikia: "Taratibu, umetushonea umaskini." Mama mkubwa aliendelea kukanyaga cherehani. Usiku ule hakula. Sare za watoto watatu zilifuatwa kesho yake zikiwa bado vipande.

Mtihani tuliufanya na vitabu vile vile. Majibu hayajatoka, kwa hiyo siwezi kukuambia nani alikuwa sahihi, na sijui kama majibu yatasema.

Taasisi ilimwandikia barua, akaisoma mwenyewe, mara mbili, kidole kikitangulia. Wanamwomba awafundishe wazazi wa bondeni kuokoa daftari na vitabu vichache walivyookota. Wamempa nyuzi na sindano. Anakwenda kila Jumamosi, pasi mkononi. Akipita kwa muuza mkaa, yeye ndiye huanza kumwamkia, "Habari za asubuhi, jirani," na jirani hugeukia magunia yake. Basi huendelea na safari, akanunue mkaa wa pasi mtaa wa pili.