Siku ya Kufungua Mto

Jumamosi iliyopita nilishuka Nkubu nikiwa na jogoo kwapani. Jogoo mweupe, mnene, mwenye maringo ya diwani aliyechaguliwa jana. Tangu Majimbo, huko Embu ninakoishi, alikuwa kimya kabisa, lakini alipovuta tu ile hewa ya Meru akawika kwa nguvu hadi muuza miwa akaangalia saa yake. Usinicheke. Nitakuambia jogoo alikuwa wa nini, ila lazima nianzie nyuma, maana safari ya jogoo huyo haikuanzia Majimbo.

Siku mbili kabla, mvua ya kwanza ilikuwa imegonga mabati yangu. Unaijua ile mvua inayoamsha harufu ya udongo hadi mtu anatamani kuulamba. Kabla sijamaliza kuanua nguo, simu ikalia. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la nne, mzee sana siku hizi, lakini bado anazungumza na simu kama anayehutubia gwaride.

"Wewe! Jumamosi tunafungua mto. Uje na panga, na usichelewe kama ulivyozoea."

Mimi ni mama mzima, nimevuka arobaini, na cheti changu cha masomo ya jioni kiko ukutani ndani ya fremu. Lakini nilijiona nimesimama wima katikati ya nguo mbichi nikijibu, "Ndiyo, Mwalimu."

Mto wenyewe usijisumbue kuutafuta kwenye ramani. Wakati wa kiangazi mbuzi huuruka bila kukunja goti. Ila mvua ikinyesha huko juu msituni, mto huo huo hubeba mti mzima, na ndege wakiwa bado matawini wakigombania viota. Na sehemu yetu ni tambarare, labda ndiyo tambarare ya pekee katika Meru nzima, kwa hiyo maji yakifika hapo hupunguza mwendo, yakaanza kuangalia angalia nyumba za watu.

Nililelewa hapo na nyanya. Nikifumba macho sasa hivi nausikia moshi wa jikoni kwake, na uji wa wimbi ukichachuka kwenye kibuyu, na zaidi ya vyote naziona nduma zake. Shamba lake la nduma lilikuwa kwenye kona ya mto, chini kidogo ya nyumba, majani mapana hivi kwamba mvua ikitukuta tulikata moja tukajifunika watu wawili. Alizichemsha taratibu hadi zikapasuka zenyewe, tukazila na chai isiyo na haraka. Nimekula nduma Embu, nimekula Nairobi, nimekula hata kwenye harusi ya mtu mwenye pesa. Zile hazikuwa nduma, zilikuwa mawe yenye adabu.

Nyuma ya jikoni ulipita mfereji wa kijiji, uliotolewa mtoni na mababu, ukinong'ona mchana kutwa kama akina mama wa kiti cha nyuma kanisani. Kila boma lilikuwa na zamu yake ya maji, na mwenyekiti wa mfereji alikuwa nyanya. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna mtu kuweka hata jiwe ndani ya mto ili ajizuilie maji peke yake. Ukipatikana, faini ni jogoo mmoja, anapikwa na kamati inamla papo hapo ukiangalia. Nyanya hakuwa na huruma. "Sheria haina kiu," alikuwa akisema, huku akichagua paja.

Sasa basi, kulikuja kiangazi kimoja, nikiwa na miaka kumi. Jua liliwaka mpaka mijusi wakawa wanatembea kwa vidole. Maji ya mfereji yakawa ya kuhesabu matone, na nduma za nyanya zikaanza kulegeza masikio. Kila jioni alikwenda kuziangalia. Ikafika Jumapili moja, akanitazama asubuhi akasema, "Leo tumbo linakuuma."

Nikamwambia haliniumi.

"Linakuuma sana," akasema. "Hatuwezi kwenda kanisani."

Watu walipokuwa wakiimba kule juu, mimi na mwenyekiti wa mfereji tulikuwa ndani ya mto, sketi zimefungwa kiunoni. Tulilaza mashina ya migomba, moja juu ya jingine, tukapanga mawe, tukaziba nafasi kwa magunia ya udongo. Kufikia wimbo wa mwisho maji yalikuwa yamejaa nyuma ya kizuizi chetu na nduma zilikuwa zinakunywa. Nyanya akanawa mikono. "Hatujafunga mto," akaniambia. "Tumeuomba upumzike kidogo." Kwa miezi miwili niliibeba siri hiyo kama yai mdomoni.

Halafu mvua ikaja. Haikuja kwa zamu wala kwa kamati. Ilinyesha siku tatu mfululizo hata vyura wakahamia barazani. Siku ya nne, mchana, filimbi ya mwalimu ikalia kutoka upande wa mtoni, na kijiji kizima kikashuka na majembe. Mwalimu ndiye aliyekuwa katibu wa mfereji, na filimbi ile ilikuwa ya michezo ya shule, lakini siku hiyo ilipigwa kama ya kuita polisi.

Maji yalikuwa mlangoni kwa Mama Mapacha. Huyu alikuwa jirani yetu, nyumba yake ya mbao ikiwa ukingoni, juu kidogo ya kona yetu. Alikuwa ameipiga mbao ya mwisho wiki chache tu kabla hajajifungua wasichana wawili katika hospitali ya pale Nkubu, na hakuwa na nyumba nyingine wala shamba la kujengea nyingine. Tulimkuta amesimama kitandani, mtoto mmoja kila mkono, akitoa amri kama nahodha. Watoto walipokewa, wakalazwa ndani ya beseni la kufulia juu ya kilima, na nakuhakikishia walilala muda wote huo bila hata kupiga chafya.

Tukafanya kazi. Wanaume walijaza magunia udongo na kuyapanga mbele ya mlango, wanawake wakachimba mtaro wa kupitishia maji pembeni, sisi watoto tukaweka mawe chini ya miguu ya kitanda na kabati. Mwalimu alichonga kijiti, akakikata alama kwa kisu, akakisimika ukingoni ili tujue maji yanapanda au yanashuka. Alama ya kwanza ikazama. Mvua ikakatika, jua likatoka kabisa, tukashangilia. Alama ya pili ikazama.

"Haiya," mwalimu akasema. "Mvua imekatika, mbona maji bado yanapanda?"

"Labda mto haujaambiwa," mtu mmoja akasema.

Alama ya tatu ikazama. Maji yakaruka magunia na kuingia ndani, na ubao mmoja wa ukuta ukalia kwa sauti ambayo hata leo nikiisikia popote nasimama. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeshika jiwe mkononi, nimemwangalia nyanya, na nyanya alikuwa anaangalia kule chini konani, ambako magogo na takataka za mto mzima zilikuwa zimejikusanya zikawa ukuta. Kila mtu alidhani ni pale ambapo mto umejibana wenyewe. Nikamwona akivua kile kitambaa chake chekundu cha kichwani, kitambaa ambacho hakukivua hata mbele ya daktari.

"Ni mimi," akasema. "Niliziba mto pale kwa nduma zangu. Maji haya yanarudi nyuma kwa sababu yangu."

Mwalimu akatoa filimbi mdomoni. "Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ndiye mimi, ndiyo."

"Uliyekula jogoo wangu wa Krismasi?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Huyo huyo, na alikuwa mgumu."

Mama Mapacha alikuwa na matope hadi kifuani. Akamsogelea, akamwita kama wajukuu wanavyomwita bibi. "Cucu, nyumba yangu inaenda na maji kwa sababu ya nduma?"

"Ndiyo, mama. Kesho uje unitukane kutoka asubuhi hadi jioni, nitakuwekea kiti. Leo nipe kamba."

Kamba ikaletwa, vijana wakaanza kukimbilia konani, lakini nyanya akapaza sauti. "Ngojeni! Nikifungua yangu, haya maji yote yataenda kumpiga aliye chini. Kama kuna mwingine aliyeziba, aseme sasa. Nani mwingine?"

Watu wakaanza kupenda sana kuangalia vidole vyao vya miguu. Nyanya akarudia, "Nani mwingine?" Na ubao wa pili ukalia.

Mwalimu akakohoa. "Kile cha chini kabisa," akasema, "karibu na daraja la miti... ni changu."

"Katibu!"

"Nilikuwa na sukuma wiki zinakufa, Mwenyekiti."

Hapo ndipo dhambi zilipoanza kutoka kama siafu. Huyu wa miti ya kahawa, yule wa ng'ombe, mwingine alikuwa mzee wa kanisa na kizuizi chake kilikuwa na mlango kabisa, wa mbao, wenye bawaba. Saba! Mto ambao mbuzi anauruka ulikuwa na mabwawa saba, na sisi wote tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi na kulaumu mawingu.

Tulianza chini kabisa, kwa mwalimu, tukipanda juu kimoja baada ya kingine, ili kila maji tuliyoyaachilia yapate njia iliyo wazi. Nyanya alikataza mtu yeyote kuingia mtoni. Mwenye kamba alirusha kitanzi kutoka ukingoni, kikanasa shina la mgomba, na sisi wengine tukavuta tukiwa nchi kavu. Shina moja, filimbi, tunasubiri maji yapungue, halafu lingine. Kila mwenye kizuizi alivuta akiwa mbele, hiyo ndiyo ilikuwa aibu yake, na watu waliimba nyuma yake nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Tulipofika konani kwetu, nyanya alikuwa mbele, na mimi nyuma yake. Nikamsikia akisema polepole, "Haya, twendeni." Kizuizi kilipong'oka, maji yalinguruma kama lori la changarawe, na yakaondoka na shamba lote la nduma. Lote. Jani moja lilizunguka mara mbili mbele yetu, kama linaloaga, likaenda.

Nyanya hakugeuka kuliangalia. Alikuwa akiangalia juu, kwenye kijiti cha mwalimu. Alama ya tatu ikaonekana, kisha ya pili. Jua lilipokaribia kuzama, Mama Mapacha alikuwa anafagia matope nje ya nyumba iliyoinama kidogo, lakini iliyosimama. Iko pale hadi leo, na bado imeinama, kama mtu anayesikiliza.

Kesho yake majogoo saba walichinjwa. Tulipika sufuria moja kubwa uani kwa Mama Mapacha, na yeye ndiye aliyepakua, akianza na watoto na kumalizia na wenye dhambi. Nyanya alipewa shingo, akaila bila kulalamika. Siku iliyofuata kijiji kizima kilichelewa kuamka, maana hakukuwa na wa kuwika. Mwalimu alifungua shule saa nne.

Nyanya alijiuzulu, na Mama Mapacha akawa mwenyekiti, kwa sababu ndiye pekee mwenye boma ukingoni ambaye hakuwa na kizuizi. Akatunga sheria mpya, fupi. Kiangazi ukizidiwa, ziba kidogo, lakini usimike mti ukingoni na ufunge kitambaa juu yake, watu wote wajue. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi, tunashuka pamoja na kufungua mto, kuanzia chini kwenda juu. Atakayekutwa na kizuizi kisicho na kitambaa, jogoo. Tangu mwaka ule maji hayajaingia nyumba ya mtu yeyote kwetu. Yamejaribu, mengine yamefika hadi kizingitini yakabisha hodi, lakini yamerudi.

Ndiyo nikashuka Jumamosi na huyo jogoo wangu.

Mengi hayapo tena. Mfereji umefukiwa, maji sasa yanapita kwenye mabomba meusi ambayo hayanong'oni chochote. Daraja ni la zege. Kijiti cha mwalimu kimekuwa nguzo iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na wale mapacha, ambao sasa ni wanawake wenye mabega ya kuvuta lori, huipiga picha na kuituma kwa watu wa bondeni kabla maji hayajawafikia. Nyanya tulimzika juu ya kilima, mahali ambapo beseni lile lilikuwa limewekwa. Mwalimu hukaa kwenye kiti cha plastiki, filimbi shingoni, miguu ndani ya gambuti.

Tulifungua vizuizi vitano, vyote na vitambaa vyao, watu wakicheka na kurushiana matope. Tulipofika chini ya kona, mwalimu akasimama kwa shida, akauliza lile swali ambalo huulizwa kila mwaka kwa sauti ya nyanya.

"Nani mwingine?"

Sasa nikuambie. Mwezi wa pili nilikuja hapo peke yangu, nikapanda nduma chache pale pale konani. Jua likazitisha. Nikalaza mashina mawili ya mgomba, mawe kidogo, haraka haraka, Jumapili, watu wakiwa kanisani. Kitambaa sikufunga. Nilijiambia ni kidogo, tena cha nani? Cha nyanya tu.

Nikainua mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshika jogoo.

Mwalimu alinitazama, halafu akatazama ile kona. "Damu ya nyanya yake," akasema, na ukingo mzima ukapasuka kwa kicheko. Pacha mmoja akanipa kamba nishike mbele, mwingine akampokea jogoo, akampima uzito. Nikavuta. Maji yakatoka kwa mguno mdogo tu, yakapita, na nduma zangu, sijui kwa huruma ya nani, zikabaki zimesimama, zikitikisa masikio.

Nilipewa shingo.