Pima Uso, Usipime Nguo

Mdogo wangu alikuwa mweusi. Nasema mweusi wa kweli, ule wa kung'aa akipakwa mafuta, na nyumbani sote tulimwonea wivu mpaka siku alipoanza kupigwa picha. Picha ya kipaimara: gauni jeupe, meno na giza. Picha ya kumaliza darasa la saba: kola ya shati, meno na giza. Yule mpiga picha wa studio pale Bungoma alizoea kumwambia, "Cheka basi tujue uko wapi," na foleni nzima inaangua kicheko. Yeye naye alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, lakini picha akizifikisha nyumbani alizisukuma chini kabisa ya sanduku. Mimi nilitamani kumzaba yule bwana kofi.

Ndiyo sababu nilinunua kamera. Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali Kitale, na mdogo wangu aliishi kwangu akijifunza cherehani. Aliyeniuzia kamera, ya mkono wa pili, alikuwa Kalasinga mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee wa kilemba cheupe aliyependa picha kuliko misumari iliyomlisha. Aliponikabidhi alinipa na masharti yake: "Dada, hii hapana weka kabatini. Jumapili wewe kuja hapa, leta picha, sisi nasema ukweli."

Na ukweli tulisema! Tulikuwa watatu: mzee, mimi, na mwalimu wa fizikia aliyekuja kutoka Bungoma na begi lake la ngozi. Tulitandaza picha juu ya kaunta katikati ya bawaba na makufuli, tukaanza kuraruana. "Hii umetingisha mkono." "Huyu ng'ombe umemkata kichwa, si useme alikukosea nini?" Mwalimu, kama wengi wetu wa kule, alichanganya l na r kadiri ulimi ulivyopenda, kwa hiyo lenzi kwake ilikuwa renzi. Mzee alimwiga, "Leta renzi!" na Mwalimu akajibu, "Cheka tu bana, yako ni fupi." Yake ilikuwa ndefu kweli. Alitufundisha kwamba ukisogelea mtu na lenzi fupi pua inafura kama kiazi, lakini ile ndefu unasimama mbali na uso unabaki na umbo lake. Kutufundisha alitufundisha, ila kuigusa hakuna aliyethubutu. Alisema lenzi ni kama mswaki, haiazimwi.

Wa kujaribiwa alikuwa mdogo wangu. Tulimketisha juu ya mfuko wa simiti mlangoni pa duka, tukampiga kwa jua, kwa kivuli, kwa flashi. Mwalimu alisema shida ni filamu. Mimi nilisema shida ni jua la saa saba. Picha zikioshwa, yaleyale. "Nyinyi watu watatu na kamera tatu," alituambia siku moja, mikono kiunoni, "na bado mnapiga meno yangu tu." Tukaona aibu, na wiki iliyofuata tukamketisha tena.

Dawa tuliipata yeye ameshaolewa, ameenda kuishi Misikhu ambako alishona na kuuza nguo za watoto sokoni. Mwalimu alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na joho lake jeupe la kwaya, mzee akampiga, na picha ikatoka joho tupu lisilo na kichwa. Mzee akakasirika. Akamvuta Mwalimu mlangoni, akamsogelea mpaka kamera ikakaribia kumgonga pua, akasoma mwanga kwa mita ya kamera pale pale shavuni, kisha akarudi nyuma bila kubadilisha kitu. Picha iliyofuata ilikuwa na Mwalimu mzima, hata ndevu alizosahau kunyoa. "Mita ni mjinga," mzee alisema. "Inaona nguo nyeupe, inafikiri dunia yote nyeupe, inafunga macho. Pima uso, hapana pima nguo."

Nilimtumia mdogo wangu salamu siku hiyohiyo: njoo, tumeweza. Akajibu ana mimba, uso umevimba, tungoje. Kisha ana mtoto mchanga na hana usingizi, tungoje. Kisha mume wake akaugua, na hiyo haikuwa na kungoja. Tulimzika mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kabla nyasi hazijashika kaburini, mdogo wangu naye akaanza kukonda. Ugonjwa wenyewe watu waliutaja kwa macho, si kwa mdomo. Mtoto tulimpeleka Bumula kwa mama yetu, na mdogo wangu tukamlaza katika hospitali moja ya misheni.

Wodini watoto hawakuruhusiwa. Mwezi wa kwanza msichana wake alilia kila jioni akimtaka mama yake. Alikuwa hajatimiza miaka minne. Baadaye akaacha kulia, na siku moja Mama, akidhani analeta habari njema, akasema mtoto sasa ametulia, wala haulizi tena.

Mdogo wangu aligeukia ukuta. Mama alipotoka akaniambia, "Ananisahau. Dada, lete ile kamera. Nataka mtoto wangu awe na uso wangu. Hizo picha zingine atajua tu kwamba mama yake alikuwa na meno." Nami nikaapa kwamba huo uso utatoka, hata kama ni kitu cha mwisho nitakachopiga.

Jumapili niliwaeleza wale wawili dukani. Mzee alinipa filamu, akakataa hata kunisikiliza nilipofungua mkoba. Mwalimu alifungua begi lake, akaitoa ile lenzi ndefu, akaifunga kwa kitambaa chake cha mfukoni na kuniwekea kwenye kikapu. Kisha, akiangalia sakafu, akasema, "Dada, vuta soksi ya nailoni mbele ya renzi. Inalainisha uso kidogo. Amekonda, si razima yote yaonekane." Mzee hakumwiga. Nikaenda na soksi.

Mgonjwa alipoiona akaniuliza ni ya nini, nikamweleza. "Soksi?" akasema. "Ati niende kwa mtoto wangu na soksi usoni kama mwizi wa benki? Nimefichwa vya kutosha. Piga." Wodini hakukuwa na kioo, na wengine waliomtembelea walikuwa wakimwambia anaendelea vizuri. Nikairudisha soksi mkobani.

Nilimweka karibu na dirisha asubuhi. Nesi mmoja, Mungu ambariki, alikubali kushika shuka chini ya kidevu chake ili mwanga umrudie usoni. Nikasogea, nikapima shavu, nikarudi nyuma, nikaangalia ndani ya ile lenzi. Ikanileta karibu. Kila siku nilikuwa nakaa kitandani pake, namlisha uji, namsuka, na kumbe nilikuwa simtazami. Machozi yakanitoka palepale. "Wewe," akasema bila kutikisa kidevu, "usilie kwa vitu vya watu, vitaingia maji." Nikajifuta, nikapiga.

Mzee aliosha filamu mwenyewe katika stoo yake nyuma ya makopo ya rangi. Kwenye karatasi lilitangulia paji la uso, halafu nyusi, halafu macho, halafu shavu lililoingia ndani. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na sijapata nyingine kama hiyo. Tuliilaza juu ya kaunta, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuna aliyetoa kasoro. Mzee alivua miwani, akajishughulisha kuifuta, akaifuta sana.

Nikaipeleka Bumula. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, mtoto anacheza na magunzi pembeni. Mama aliitazama picha mara moja, akanirudishia, akaendelea na mahindi yake. Nilichuchumaa mbele ya mtoto. "Haya niambie, huyu ni nani?" Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa makini, akamtazama Mama, akarudi kwenye picha, na uso ukamchangamka kwa furaha ya kupata jibu.

"Ni kukhu!"

Kukhu ndiye nyanya, kwetu Wabukusu. Nikamwambia atazame vizuri. "Ni kukhu," akasema tena, sasa akinionea huruma kwa ujinga wangu. Mama akajifunika uso kwa leso. Na mtoto hakuwa amekosea, jamani. Mifupa ilikuwa ya Mama, mashavu yalikuwa ya Mama, hata shingo. Mwanamke wa miaka ishirini na minane.

Niliporudi hospitalini nilimkuta ameketi, mto mgongoni, ameomba apakwe mafuta. Alikuwa akiningoja.

"Alinijua?"

Nikaanza kusema njia ilikuwa mbaya, mvua, matope.

"Dada. Alinijua?"

Mtu huyo hakuwahi kudanganywa na mimi, hata tulipokuwa watoto; nikijaribu tu, masikio yananisaliti. Nikamwambia. Nikasema aliishika vizuri, aliitazama sana, akasema ni kukhu.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kukoroga uji wake. Kisha nikaona mabega ya mdogo wangu yanatikisika, nikanyanyuka nimkumbatie, kumbe ni kicheko. "Kukhu! Wacha! Mwambie Mama ajisogeze basi, nimekuja kuchukua kiti chake." Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nami nikamshikilia mgongo, mbavu zote mkononi mwangu, moja moja. Alipopata pumzi akaniegemea begani.

"Na unajua," akasema, "kila usiku nimekuwa nikimwomba Mungu anipe tu nizeeke. Kumbe alisikia."