Fyuzi Niliyoirudisha

Juzi nilimwona fundi mmoja pale Ukunda akibonyeza spika ya besi kwa kiganja, na harufu ya risasi iliyoyeyushwa ya kuungia nyaya ikanirudisha utotoni, Kinondo.

Mama alikuwa amelazwa hospitalini Msambweni. Alasiri hiyo mjomba aliinama kwenye buti la gari lake, akitafuta kwa nini besi ilikuwa ikikwaruza. Alikuta waya umelegea, akaukaza, na mlio ukawa mzito na safi, nikausikia tumboni. Kisha akaja mtu na pikipiki, akamnong'oneza. Mjomba alichomoa fyuzi, akaiweka juu ya kiti, akaingia ndani bila kuniangalia.

Leo najua kwamba penye msiba hata redio huzimwa. Wakati ule nilidhani spika imeharibika tena na yeye amekata tamaa. Nilitaka kumfurahisha, nikairudisha fyuzi pale nilipomwona akiichomoa. Besi ilitikisa madirisha, na ndani bibi alikuwa ameanza kulia.

Majirani walitoka wakinitazama. Mjomba alikuja polepole, akachutama mbele yangu.

"Umeitengeneza vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa tuizime. Mamako hatunaye tena."

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.